Uchovu wa Macho Si Upofu

Kazi ya karani huhesabiwa na watu wengi kuwa kazi ya kivulini. Mvuvi wa Palma hurudi pwani akiwa ameungua kwa jua na chumvi, mkulima wa uwanda wa Mueda hurudi na jembe begani, na askari hurudi kutoka doria akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Lakini karani hurudi na shati safi. Ndiyo maana afikapo nyumbani akajilaza na kitambaa usoni, akasema kwamba macho yanamwuma na kichwa kinamgonga, jamaa zake hushangaa. Wako wanaodhani kwamba anadeka, na wako wanaoogopa kwamba anaanza kuwa kipofu. Aghalabu pande zote mbili hukosea.

Macho ya mtu anayetazama kioo cha kompyuta kutwa nzima huchoka kweli, kama yachokavyo mabega ya mpagazi. Huko si kudeka. Lakini uchovu huo, peke yake, haumpofushi mtu. Una sababu zinazojulikana, una tiba isiyohitaji fedha nyingi, na una madhara endapo utafichwa. Katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, madhara hayo yaweza kumwangukia mtu ambaye hajapata kuketi mbele ya kompyuta hata siku moja.

MAJINA YANAYOANDIKWA UPYA

Kuanzia Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, vita viliwahamisha watu wa pwani hiyo kijiji baada ya kijiji. Mji wenyewe wa Mocímboa ulitekwa Agosti 2020, na Palma ikavamiwa tarehe 24 Machi 2021. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Mocímboa Agosti 2021, na ujumbe wa kijeshi wa nchi za SADC, ambamo askari wa Tanzania walikuwamo, ulikaa katika jimbo hilo tangu Julai 2021 hadi Julai 2024. Katika miaka hiyo idadi ya watu waliozihama nyumba zao ilifikia takriban milioni moja. Wengi waliondoka na mtoto mgongoni na nguo zilizokuwa mwilini. Vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho viliteketea pamoja na nyumba, au vilipotea msituni.

Mtu anayerudi kwao bila karatasi hizo huwa kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Apitapo kwenye kizuizi cha barabarani hana cha kumwonyesha askari. Apelekapo mtoto shuleni huulizwa cheti. Atakapo kufungua hesabu benki hurudishwa mlangoni. Kwa sababu hiyo kazi ya kuandikisha watu upya imekuwa kazi kubwa katika jimbo zima, na watumishi wa usajili wamekuwa wakiifanya maofisini, makambini na vijijini, mara nyingine chini ya mti wa mkorosho, mbele yao kompyuta ndogo na nyuma ya kompyuta hiyo mstari mrefu wa wananchi.

Majina ya pwani hiyo huandikwa kwa tahajia ya Kireno. Hamisi huwa Amisse, Mohamedi huwa Momade, na Kionga, kilicho karibu na mdomo wa Ruvuma, huandikwa Quionga. Herufi moja ikirukwa, jina la mtoto halilingani tena na jina la baba yake. Tarakimu 3 ikisomwa kuwa 8, binti aliyezaliwa mwaka 2003 huandikwa kwamba alizaliwa 2008, akawa mtoto katika karatasi ilhali ni mtu mzima mwenye kunyonyesha. Kulisahihisha kosa kama hilo kwahitaji nauli, mashahidi, na siku za kazi ambazo mtu maskini hawezi kuzipoteza.

Kosa la namna hiyo si lazima litokane na uzembe. Karani aliyeanza kutazama kioo tangu saa mbili asubuhi, akapumzika kidogo tu kwa chakula, ifikapo saa tisa alasiri huwa anaona herufi zikitetemeka na mistari ikiingiliana. Akisugua macho yanazidi kuwasha. Akikaza uso, kichwa kinauma. Huendelea kuandika kwa kukisia, kwa kuwa mstari wa watu bado ni mrefu naye hataki kuonekana mvivu. Hapo ndipo uchovu wa mtu mmoja hugeuka kuwa hasara ya mwingine.

NI NINI KINACHOCHOKA

Jicho la binadamu limeumbwa na lenzi ndani yake, na lenzi hiyo imezungukwa na msuli mdogo. Mtu atazamapo mbali, kama vile mlingoti wa jahazi upeo wa bahari, msuli huo hulegea na kupumzika. Atazamapo kitu kilicho karibu, msuli hujikaza ili lenzi ijikunyate na kuwa nene zaidi, nacho kitu kile kionekane vema. Wakati huohuo misuli mingine, iliyo nje ya mboni, huyavuta macho yote mawili yaelekee ndani, kwenye jambo moja.

Kujikaza huko si kazi nzito. Lakini mtu akiambiwa ashike ndoo ndogo ya maji kwa mkono ulionyooshwa, ataona kwamba dakika ya kwanza ni mchezo, dakika ya tano ni mateso, ingawa maji hayajaongezeka hata tone moja. Kinachomchosha ni kutobadilisha hali. Macho ya karani hushika ndoo hiyo tangu asubuhi hadi jioni.

Sababu ya pili ni ukavu. Katika mazungumzo ya kawaida mtu hupepesa macho yapata mara 15 hadi 20 kwa dakika, na kila apepesapo, kope huyapaka macho machozi membamba yanayoyalainisha na kuyasafisha. Atazamapo kioo kwa makini, idadi hiyo hupungua kwa nusu au zaidi, na mara nyingi kope hazifungi sawasawa hata anapopepesa. Machozi hukauka. Ndipo mtu huhisi kama kwamba kuna mchanga ndani ya jicho, jicho huwa jekundu, na kwa ajabu, huanza kutoa machozi mengi ya ghafula. Watu husema, "Yanawezaje kuwa makavu nayo yanalia?" Hulia kwa sababu yamekauka: mwili hujaribu kuyaokoa kwa kuyamwagia maji.

Sababu ya tatu ni mwanga usiokuwa mahali pake. Kioo kinachorudisha taswira ya dirisha, balbu iliyo mbele ya uso, au kioo kilichofifishwa ili kutunza chaji ya betri, humlazimisha mtu kukaza macho kutafuta maandishi.

Katika sababu zote hizo hakuna hata moja inayoharibu utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru. Mtu aliyechoka macho kwa kompyuta akilala usiku mzima, asubuhi huamka akiwa na nafuu. Hiyo ndiyo alama ya uchovu.

KAZI ZA KARIBU NI ZA TANGU ZAMANI

Kabla ya kompyuta kufika, pwani hiyo ilikwisha kuwajua watu wanaoishi kwa kutazama karibu. Katika kisiwa cha Ibo, kusini zaidi katika visiwa vya Kirimba, mafundi wa fedha wamekuwa wakisokota nyuzi nyembamba kama unywele na kuzifanya vikuku na herini. Washona kofia za mkono hutoboa vitundu vidogo na kuvizungushia uzi kimoja kimoja. Wachongaji wa Kimakonde huutazama mpingo tangu jua lichomozapo. Wote hao hupata kujua kwamba jicho lina mwisho wake.

Huko Ulaya jambo hili liliandikwa zamani. Mwaka 1700, katika mji wa Modena nchini Italia, daktari Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Humo aliwataja mafundi wa vitu vidogo, kama watengenezaji saa, ambao macho yao hudhoofika kwa kukazana na kitu kimoja, na akawashauri waache kazi yao mara kwa mara na kuyageuza macho kwenye vitu vingine. Zaidi ya miaka 300 imepita, na ushauri huo haujapitwa na wakati.

Tofauti ni kwamba fundi wa Ibo hukatishwa na mambo mengi. Huinuka kupuliza moto, huitikia salamu ya mpita njia, hutoka nje kuitazama kazi yake juani, na jua lituapo hana budi kuacha. Kompyuta haimkatishi mtu. Ina mwanga wake yenyewe, haijui magharibi, wala haimwambii mtu kwamba amechoka. Kwa hiyo mapumziko ambayo zamani yalikuja yenyewe, sasa yahitaji kupangwa.

KUIPANGA MEZA NA SAA

Kanuni inayopendekezwa na waganga wa macho ni rahisi kukumbukwa. Kila baada ya dakika 20, mtu atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa muda wa sekunde 20. Katika miji kama Palma na Mocímboa da Praia, bahari yenyewe ni dawa: aliye karibu na dirisha autazame mwalo na ngalawa zilizotia nanga. Aliye katika chumba kisicho na dirisha atazame mwisho wa ujia. Apepese taratibu mara kadhaa, akifunga kope kabisa. Na kila baada ya saa moja au mbili, ainuke, anyooshe mgongo, atembee kidogo.

Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni. Upande wake wa juu usipite usawa wa macho, ili mtu atazame chini kidogo. Kwa namna hiyo kope hufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho na ukavu hupungua. Kompyuta ndogo ya kukunja, inayowekwa juu ya meza fupi, humlazimisha mtu kuinama. Yafaa iinuliwe kwa vitabu viwili vitatu au kwa ubao.

Pwani ya Cabo Delgado hutazama mashariki. Ofisi yenye madirisha ya upande wa bahari huingiliwa na jua la asubuhi, nao mng'ao wa maji na mchanga mweupe huongeza ukali wake. Meza isiwekwe mahali ambapo dirisha li nyuma ya mfanyakazi, kwa maana taswira yake itaingia katika kioo. Wala dirisha lisiwe nyuma ya kioo, kwa maana macho yatashindana na jua. Liwe ubavuni, na hapo pawe na pazia jepesi au hata mkeka. Wanaofanya kazi nje, chini ya mkorosho, watafute kivuli kizito, wakipe kioo kisogo cha jua, na waongeze mwanga wa kioo hata kama betri itakwisha mapema. Betri hujazwa tena. Jina lililokosewa halisahihishwi upesi.

Feni na kiyoyozi visielekezwe usoni. Katika miezi ya kusi, upepo mkavu wenye vumbi ukiingia chumbani, jicho hukauka upesi zaidi. Herufi za kompyuta zaweza kukuzwa, na hilo halina gharama yoyote. Lakini wengi huona haya kuzikuza, wakidhani kwamba herufi kubwa ni za wazee.

UMRI WA MIAKA 40 NA HAYA YA MIWANI

Haya hiyo ndiyo adui mkubwa. Kwa kawaida, mtu afikapo umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu, nao msuli hauwezi tena kuibadilisha kama zamani. Huona mbali vema, lakini karatasi huisogeza mbele, mbele zaidi, mpaka mkono unakwisha. Jambo hilo si ugonjwa, wala halimchagui mtu. Humfikia mkuu wa kikosi kama limfikiavyo mshona nguo. Na aliye katika hali hiyo bila miwani, akiketi mbele ya kompyuta, huchoka mara mbili ya kijana aliye kando yake.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 juu ya macho, lilieleza kwamba duniani kuna watu wasiopungua bilioni 2.2 wenye upungufu wa kuona, wa karibu au wa mbali, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungaliweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Miongoni mwa hao bilioni 1, watu milioni 826 walikuwa wale wasioona vema vitu vya karibu kwa ajili ya umri. Tiba ya wengi wao ni miwani ya kusomea tu.

Faida yake imekwisha pimwa. Katika mashamba ya chai ya Assam nchini India, wachumaji wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, waliokuwa na upungufu huo, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja likapewa miwani ya karibu mapema na jingine likangoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliopewa miwani walizidisha uchumaji wao kwa zaidi ya sehemu moja ya tano kuliko wenzao. Ikiwa kuchuma jani kwa mkono kwanufaika kiasi hicho, kusoma herufi ndogo za majina ya watu kwanufaika zaidi.

Lakini yafaa kuchukua tahadhari mbili. Kwanza, miwani ya kusomea kitabu hutengenezwa kwa umbali wa yapata sentimita 40, ilhali kompyuta huwa mbali zaidi. Mtu anayeinua kidevu na kusogeza shingo mbele ili aone kioo, yamkini miwani yake ni kali mno kwa kazi hiyo. Amweleze mpimaji kwamba anafanya kazi ya kompyuta, na amtajie umbali. Pili, miwani inayouzwa kwa madai kwamba huzuia "mwanga wa buluu" isimlie mtu fedha zake. Uchunguzi uliokusanya majaribio 17 na kutolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2023 uliona kwamba huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta kuliko miwani ya kawaida.

WALINZI WA VIOO

Siku hizi si karani peke yake aketiye mbele ya kioo. Polisi wa kituoni huandika taarifa kwa kompyuta, askari wa zamu hutazama kamera, na katika rasi ya Afungi, kusini ya mji wa Palma, ambako ujenzi wa mradi wa gesi ulisimamishwa mwaka 2021 na ukaruhusiwa upya mwishoni mwa 2025, walinzi na watunza stoo wana vioo vyao. Kwa watu wa ulinzi, uchovu wa macho haukai peke yake. Huja pamoja na uchovu wa akili.

Jambo hilo lilichunguzwa katika Vita Kuu ya Pili, wakati wanahewa wa Uingereza walipokuwa wakitazama vioo vya rada kutafuta nyambizi baharini. Mtaalamu Norman Mackworth aliwaweka watu mbele ya saa yenye mshale mmoja, akawataka watoe ishara kila mshale unaporuka hatua mbili badala ya moja. Aliona, na kuandika mwaka 1948, kwamba umakini wao ulianza kushuka katika nusu saa ya kwanza. Watu hao hawakuwa wavivu, walikuwa binadamu.

Kwa hiyo mkuu wa zamu anayemweka kijana mmoja mbele ya kamera kwa saa sita mfululizo hapati ulinzi wa saa sita. Hupata ulinzi wa nusu saa, na baada yake kijana aliyefumbua macho bila kuona. Palipo na watu wawili, wapokezane kila baada ya nusu saa, mmoja akitazama kioo na mwingine akitembea uani au akijibu simu ya upepo. Usiku, chumba kisiwe giza tupu. Taa hafifu iliyowekwa nyuma ya kioo huyapunguzia macho kazi ya kuhama kati ya mwanga mkali na giza.

NYUMBANI

Mke au mume wa mtu wa namna hiyo ana sehemu yake. Anayerudi kazini na macho mekundu asipokewe kwa kejeli ya "kazi ya kukaa", wala asikabidhiwe papo hapo daftari la mtoto alisahihishe. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya baridi na kuwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika kumi humpa nafuu. Nusu saa ya kuketi barazani, akitazama mbali na kuongea na watu, yafaa kuliko kulala na simu mkononi.

Na hapo ndipo watu wengi wajidhulumupo. Mtu hulalamika kwamba kompyuta ya ofisi imemmaliza, kisha, taa ikiisha kuzimwa, huchukua simu yake na kuitazama kwa saa mbili, sentimita 20 tu kutoka usoni. Simu ni kioo kidogo zaidi na huwa karibu zaidi. Msuli wa jicho hujikaza zaidi. Haifai ofisi ibebe lawama ya kitandani.

Watoto nao wasisahauliwe. Uchunguzi wa nchi nyingi, hasa za Asia ya Mashariki, umeonyesha kwamba watoto wanaocheza nje mchana hupunguza hatari ya kuwa na macho yasiyoona mbali. Mtoto wa pwani ana uwanja, ana ufuko, ana mpira wa makaratasi. Kumnyamazisha kwa simu kutwa nzima ili mama apate kupika ni kumpunguzia urithi wake. Naye mtoto anayesogeza daftari hadi puani, au asiyesoma ubaoni, apelekwe kupimwa kabla ya kuitwa mjinga.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Kwa kuwa uchovu wa macho ni jambo la kawaida, iko hatari kwamba mtu atausingizia kila ugonjwa. Mwanzoni mwa 2024 maradhi ya macho mekundu ya kuambukiza yalienea Tanzania na Msumbiji. Hayo hayakutokana na kompyuta, na kinga yake ni kunawa mikono na kutoshirikiana taulo. Trakoma, inayoletwa na vijidudu na kuenezwa kwa mikono, nguo na nzi, imekuwa ikiwasumbua watu wa Cabo Delgado kwa muda mrefu. Huzigeuza kope ndani zikakwaruza jicho. Mtoto wa jicho huleta ukungu unaozidi mwezi baada ya mwezi, na hutibiwa kwa upasuaji. Presha ya macho huiba uwezo wa kuona pembeni kimyakimya, na kilichoibwa hakirudi.

Yampasa mtu aende hospitali bila kungoja iwapo uoni umepungua ghafula, iwapo jicho moja linauma sana pamoja na wekundu na kichefuchefu, iwapo anaona kitu kimoja kuwa viwili, iwapo anaona vimulimuli au pazia jeusi likishuka, au iwapo kitu kimemwingia jichoni kwa nguvu. Kadhalika aende yule ambaye siku mbili tatu za kupumzika hazikumpa nafuu yoyote. Kutoka Palma hadi Pemba, yalipo makao makuu ya jimbo, ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na si kila mtu aiwezaye. Kwa hiyo kituo cha afya kilicho karibu kiulizwe kwanza, na siku za wapimaji wa macho kupita wilayani zitangazwe misikitini, kanisani, sokoni na kambini.

Na wakati wa kungoja, mtu asitie jichoni maziwa, asali, maji ya majani wala mkojo. Asinunue sokoni dawa ya matone asiyoijua. Ziko dawa zenye steroidi ambazo huondoa wekundu kwa siku moja na kumfurahisha mgonjwa, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Huyo aliyekuwa na uchovu tu atakuwa amejinunulia upofu kwa fedha yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Karani anayeficha macho yake kwa kuogopa kuondolewa kazini, na askari anayeyaficha kwa kuogopa kucheka kwa wenzake, wote wawili huficha jambo ambalo pengine lingetibiwa kwa miwani ya bei ndogo na dakika chache za kutazama bahari. Lakini mkubwa wa ofisi naye asingoje mpaka mtu aseme. Aitembelee meza ya kila mmoja, ageuze zile zilizokaa vibaya, aweke saa ya mapumziko ukutani, na awaruhusu walio na umri wa miaka 40 kwenda kupimwa bila kukatwa siku. Kisha, mchana unapokuwa mrefu na mstari wa watu bado upo, aagize kwamba kila jina lisomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla ya kupigwa chapa. Sikio halichoki kwa mwanga wa kioo, na mama wa Quionga, hata kama hakusoma, alijua jina la mwanawe tangu siku ya kwanza.